Volvo PV544 ya Sport: gari la Joginder Singh, bila Joginder

Joginder Singh alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Tangu siku hiyo, wapenda magari ya zamani wa Afrika Mashariki wakikutana, mazungumzo hayapiti mbali kabla ya kugusa Volvo ile yenye mgongo wa nundu aliyoshindia Safari, yale mashindano makali ya magari ya Afrika Mashariki, ya mwaka 1965. Swali huwa moja. Je, PV544 ni gari la kununuliwa na mtu wa kawaida leo, akalitia petroli akaenda nalo Naivasha au Bagamoyo, au ni kitu cha kufunikwa turubai na kuonyeshwa wageni?

Jibu letu ni kwamba linunuliwe na litembee. Lakini linataka mtu mwenye sikio, na hapo ndipo msiba unapouma. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932 na kukulia kwenye ufundi, katika gereji ya baba yake. Kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Asiyejua uzito wa hesabu hiyo akumbuke kwamba mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na mwaka 1968 yakawa 7 tena. Mtu hamalizi Safari 19 kwa kukanyaga mafuta. Anamaliza kwa kusikia beringi inaanza kulia kabla haijafa. Volvo ya 1965, yenye namba KHT 184, haikuwa hata mpya: timu ya kiwanda ilikuwa imekwisha kuitumia kwenye Safari ya 1964. Yeye na ndugu yake Jaswant walianza wa kwanza kwenye mstari, wakarudi Nairobi wakiwa washindi. Baadaye alishinda tena mara mbili, 1974 na 1976, akiwa na Mitsubishi Lancer, lakini mapenzi ya watu yalibaki kwenye nundu.

Basi tuliangalie gari lenyewe kama anavyoliangalia mnunuzi.

PV544 ilitoka kiwandani kuanzia 1958 hadi 1965. Ya mwisho ilitoka tarehe 20 Oktoba 1965. Tarehe ileile na mwezi uleule, miaka 48 baadaye, ndipo Joginder akaondoka. Ukiijumlisha na PV444 iliyotangulia, zilitengenezwa karibu 440,000. Kioo cha mbele cha 444 kilikuwa vipande viwili, na cha 544 ni kimoja kilichopinda. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuzitofautisha barabarani. Na ile mikanda ya kiti ya pointi tatu ambayo leo kila gari linayo, iliyobuniwa na Nils Bohlin, ilianza kufungwa kama kifaa cha kawaida mwaka 1959, na PV544 ilikuwa kati ya magari ya kwanza kabisa kuipata. Ukipata gari lenye mikanda ya asili, usiitoe. Lakini usiitegemee pia: utepe wa miaka sitini umekufa ndani hata kama nje unang'aa. Funga mipya kwenye matundu yaleyale ya nati.

Kwenye tangazo la kuuza, neno la kutafuta ni B18. Magari ya kabla ya 1961 yana injini ya B16 na umeme wa volti 6, na volti 6 ni adha: taa hafifu, stata nzito, balbu za kutafuta kwa tochi. B18 ilikuja na volti 12, ujazo wa lita 1.8, na kranki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, iliyokaa juu ya beringi kuu 5. Hizo beringi tano ndizo siri ya injini hii. Injini nyingi za umri wake zilikuwa na tatu, na kranki ya beringi tatu hupinda kidogo kila inapozungushwa kwa kasi, ikaanza kula metali. B18 haina tabia hiyo. Ya kawaida ina kabureta moja na nguvu za farasi 75 kwa kipimo cha wakati huo. Ya Sport ina kabureta mbili za SU aina ya HS6, na nguvu 90. Giaboksi tafuta ya gia nne. Ya gia tatu ipo na ni imara, lakini kwenye milima yetu utakuwa unabaki katikati ya gia mbili, hii inalia na ile inashindwa.

Kutu kwanza, injini baadaye

Gari hili halina chasisi ya pembeni. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kutu si suala la sura. Kabla ya kufungua boneti, lala chini na bisibisi mkononi. Gonga chini ya milango, kwenye sakafu mbele ya viti, kwenye kona za chini za mabawa ya mbele, kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na kwenye shimo la tairi la akiba. Bati zima hulia kwa sauti kali. Bati lililooza hutoa sauti bubu kama boksi la karatasi, na bisibisi huzama. Magari yaliyoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar yapewe muda mrefu zaidi kwenye zoezi hili, kwa sababu upepo wa chumvi huingia ndani ya vizingiti na kuvila kutoka ndani kwenda nje. Rangi mpya isikudanganye. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ikikataa kushika mahali, pale pana puti, na chini ya puti huna bati.

Injini iliyokufa hufufuliwa na fundi yeyote makini. Bodi iliyooza kwenye mashikio ya springi na mikono ya ekseli hula pesa kuliko gari lenyewe, na fundi bodi anayejua kurudisha bati badala ya kupaka puti ni wa kutafuta.

Gia ya kamshafti

Hapa tunataka msomaji akae. Kosa kubwa la B18 ni moja, na halitoi hodi.

Kamshafti ya injini hii, yaani shafti inayofungua valvu, haiendeshwi kwa mnyororo wala mkanda. Inaendeshwa kwa gia inayoshikana moja kwa moja na gia ya kranki. Gia ya kranki ni chuma, lakini ile ya kamshafti ilitoka kiwandani ikiwa ya nyuzi zilizoshindiliwa kwa gundi ngumu, kama ubao mzito wa rangi ya kahawia. Sababu yake ilikuwa ukimya, maana chuma juu ya chuma hulia. Ikiwa mpya inafanya kazi vizuri na kwa miaka mingi. Ikizeeka, ikakauka, ikapigwa na joto, meno yake hukatika. Gari linakwenda vizuri kabisa, dakika inayofuata injini inazima kana kwamba umezungusha ufunguo. Ukipiga stata, inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kwa sababu valvu hazifunguki. Madereva wengi hapo huanza kubadilisha plagi, pointi, kondensa, pampu ya mafuta. Wanapoteza siku nzima kando ya barabara.

Dawa ya kuthibitisha ni dakika tano. Fungua kifuniko cha valvu, mwambie mtu apige stata, tazama vidole vya valvu. Visipopanda na kushuka, tafuta gari la kuvuta.

Kabla haijafika huko, pima hivi: toa plagi zote nne ili injini iwe nyepesi, weka spana kwenye nati ya puli ya kranki, zungusha mbele kidogo kisha nyuma kidogo, huku mwenzako akitazama vidole vya valvu. Kranki ikitembea pembe kubwa kabla vidole havijaanza kufuata, meno yamelika. Gari ulilonunua bila historia ya kuaminika, usisubiri hata kipimo hicho. Badilisha. Gia za chuma au za alumini zinauzwa Ulaya na Marekani kwa wenye Volvo za zamani. Za chuma zina mlio mwembamba kama msumeno wa mbali. Wengine huuchukia, sisi tunauona ni bei ndogo ya kulala usingizi.

Kazi yenyewe: rejeta itoke, feni itoke, puli ya kranki itoke, kisha kifuniko cha mbele. Kabla ya kuvua gia ya zamani, zungusha injini mpaka alama mbili, nukta kwenye gia moja na nukta kwenye nyingine, zitazamane. Gia ya kamshafti ivutwe kwa pula. Usiipige nyundo, na mpya usiigonge kuingia ndani: kamshafti ikisukumwa nyuma hutoa kifuniko kilicho nyuma ya bloku, na oili itaanza kuvuja mahali ambapo hutafika bila kushusha injini au giaboksi. Ipashe moto gia mpya, ivute kwa nati yake. Na kabla ya kufunga, tafuta kijitundu kidogo kinachonyunyizia oili kwenye meno. Kipitishe waya mwembamba, kisha upepo. Kikiziba, hata gia mpya itakufa, na wengi hulaumu duka lililowauzia spea kumbe kosa lilikuwa tundu dogo kuliko punje ya mtama. Gasketi mpya, sili mpya ya mbele, basi.

Kabureta mbili zinazotaka kusikika kama moja

Malalamiko ya pili kuhusu PV ya Sport ni kwamba "haitulii slensa", yaani injini haitulii ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Karibu kila mara anayelaumiwa ni SU, na mara nyingi hana hatia. Usishike kabureta kabla hujamaliza tapeti (nafasi ya valvu), pointi na taiming. Pointi kwa fila ya milimita 0.40 hadi 0.50, plagi 0.7 hadi 0.8, mpangilio wa moto 1-3-4-2. Tapeti inategemea herufi iliyogongwa kwenye injini: B18A ya kabureta moja na B18D ya Sport si lazima zichukue kipimo kimoja, kwa hiyo soma injini yako kwanza.

Kisha angalia uchakavu wa shafti za vipepeo. Injini ikinguruma, nyunyiza petroli kidogo au dawa ya kusafishia kabureta pale shafti inapoingia kwenye mwili wa kabureta. Mlio ukibadilika, upepo unaingia pale, na hakuna marekebisho yatakayotuliza gari mpaka bushi zibadilishwe. Fanya hivyo kwa uangalifu, injini isiwe ya moto sana.

Vikiwa vizuri, legeza vibanio vinavyounganisha shafti mbili ili kila kabureta ijitegemee. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kwanza. Sikiliza mvumo. Hamia ya pili. Zungusha skrubu za slensa mpaka mivumo iwe sawa, kisha funga vibanio. Mashine za kupimia upepo zipo, ni nzuri, lakini mpira wa shilingi chache na sikio zuri hufika palepale.

Mchanganyiko wa mafuta hurekebishwa na nati iliyo chini ya kila kabureta. Kuipandisha kunapunguza mafuta, kuishusha kunaongeza. Mwanzo mzuri: zipandishe zote mbili mpaka jeti ilingane na daraja ndani ya koo, kisha zishushe mizunguko 2 kamili, yaani pande 12 za nati. Kuanzia hapo, tembea upande mmoja kwa wakati, na unachofanya huku kifanye na kule. Kupima, inua pistoni ya kabureta kwa pini yake milimita moja hivi. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikishuka na kutaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo sana kisha ikarudi, hapo umefika.

Tahadhari kwa wakaao juu: tyuni gari mahali linapoishi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na injini ya namna hii hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Farasi 90 wa kwenye karatasi wanabaki kama 75. Gari lililotyuniwa Mombasa likipanda Limuru huanza kutema moshi mweusi na plagi kuvaa masizi. SU hujirekebisha kidogo kwa maumbile yake, lakini si yote. Upande mmoja au miwili wa nati juu, na inatulia.

Kosa lingine dogo linaloleta lawama kubwa ni waya wa choki kutorudi. Ukisukuma kitufe ndani, lala uangalie kama jeti zote mbili zimepanda kweli. Moja ikibaki chini, silinda mbili zinakunywa petroli mchana kutwa.

Oili ya injini ni karibu lita 3.75 pamoja na filta. Sili ya nyuma ya kranki kwenye B18 za mwanzo ni ya namna ya kitambaa kizito, na itadondosha. Tone moja usiku si ugonjwa. Dimbwi ni ugonjwa. Petroli yetu haina risasi tangu 2006, na viti vya valvu za ekzosti havikutengenezwa kwa petroli hiyo. Kwa mwendo wa taratibu vinavumilia miaka. Hedi ikishafunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, mwambie fundi aweke viti vigumu palepale, maana kuifungua tena ni gasketi nyingine na kazi nyingine. Boliti za hedi kazia kwa hatua hadi karibu Nm 90, ukianzia katikati kwenda nje.

Breki, kingpini, na mteremko

Breki ni ngoma pande zote nne, bila sevo ya kusaidia mguu, na mfumo wa mafuta ni mmoja. Maana yake wili silinda moja ikipasuka, pedali inakwenda mpaka sakafuni na huna kitu isipokuwa breki ya mkono na gia. Kwa hiyo usinunue PV na kusema breki utazishughulikia mwezi ujao. Mipira yote ya ndani, hosi zote tatu, mafuta mapya ya DOT 4, kabla ya safari ya kwanza. Kwenye Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu, shuka kwa gia ambayo ungepandia. Ngoma zikipata joto huzidi kupanuka na kukimbia viatu vyake, pedali ikawa ndefu. Mtu asiyelijua hili hupampu na kuogopa, kumbe alitakiwa kuwa gia ya pili tangu juu.

Mbele kuna kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, na zinapenda grisi kuliko kitu chochote. Barabara za vumbi, kila kilomita 2,500. Kupima: inua gurudumu, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingpini. Mauzo mengi hupungua bei kwa zoezi hili moja.

Springi za nyuma ni za mviringo, na ekseli imeshikwa kwa mikono na fimbo ya kuvuka. Bushi za mpira zikifa, nyuma ya gari huhama njia kwenye kona kabla yako. Watu husema ni shokapu. Anza na bushi.

Msafara wa mazishi

Pamoja na Safari, kazi ambayo PV na wenzake huitwa kufanya siku hizi ni kusindikiza. Akifa mzee wa magari ya zamani, wenzake hutoa magari yao wakamsindikize, na ndivyo inavyopasa. Lakini hakuna safari ngumu kwa gari hili kama kilomita 15 kwa saa, taa zimewashwa, jua la saa saba. Magari yaliyomaliza matope ya Uganda hufia foleni ya kwenda makaburini, na kwa familia iliyofiwa ni aibu isiyostahili. Gari linaweza kuandaliwa.

Anza na umeme. PV ina dainamo, si altaneta. Kwenye slensa dainamo haichaji, na taa nyekundu ya dashibodi ndiyo inayokuambia. Taa mbili za mbele, za kuegesha na za nyuma hula pamoja karibu ampea 10, na koili ya moto ampea 3 hivi. Saa moja ya mwendo wa konokono ni ampea-saa 13 zilizotoka bila kurudi. Betri iliyochoka haina hizo. Chaji betri usiku wa kuamkia, tumia taa za kuegesha tu msafara unaposimama, na pandisha slensa kidogo mpaka taa nyekundu ififie.

Joto. Mbele ya rejeta ya PV kuna pazia linalovutwa kwa mnyororo kutoka ndani, lililotengenezwa kwa baridi ya Sweden. Hakikisha limeshuka kabisa na halijakwama nusu. Tumeona magari yakilaumiwa pampu ya maji na thamostati kumbe ni pazia. Ndani ya hedi kuna bomba linalogawa maji kwenda kwenye valvu za ekzosti. Likioza, silinda za nyuma zinakosa ubaridi ingawa geji haionyeshi vibaya. Gari linalochemka bila sababu ya wazi, bomba hilo lichunguzwe. Na Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika presha ni kosa kubwa zaidi huko kuliko Dar.

Petroli ikichemka kwenye pampu, gari hukohoa na kuzima, kisha linagoma mpaka lipoe. Pampu iko kando ya bloku, karibu na joto. Beba chupa ya maji na kitambaa: kitambaa kibichi kikizungushwa kwenye pampu, dakika tatu, linawaka. Hakuna haja ya kufungua chochote.

Na klachi. Usiishike nusu kwa mita mia nzima ili uwe karibu na jeneza. Acha nafasi ya urefu wa magari mawili, gari la mbele likienda, ondoka kwa gia ya kwanza, achia pedali kabisa, simama tena. Anayeongoza msafara aambiwe mapema aende kilomita 30 kwa saa penye nafasi. Hakuna atakayeona ni utovu wa heshima.

Ukilinganisha na mengine

Mtu anayetaka gari la Safari bila kuhangaika na spea, tutamwambia ukweli: Peugeot 404. Lilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili za katikati likiendeshwa na Bert Shankland kutoka Tanganyika ya zamani, na mafundi wa Peugeot hawajaisha katika miji yetu. Ni laini zaidi kwenye mashimo, na mizigo linabeba. Lakini B18 ni injini ngumu kuliko ya 404, na PV ni nyepesi, ekseli yake haichoki. Usukani wa PV nyingi uko kushoto, na kulipita lori kwenye barabara zetu unahitaji abiria mwaminifu wa kukuchungulia. Hilo ni jambo zito, si dogo. Spea za bodi zinatoka Sweden na Marekani. Za injini ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu B18 ilifungwa pia kwenye Volvo nyingine, Amazon na P1800. Tairi ni inchi 15, saizi ya 165, na hiyo hupatikana.

Kwa anayetaka kuleta gari kutoka nje kuja Kenya: sheria ya miaka 8 inazuia magari ya zamani kwa njia ya kawaida, kwa hiyo pata jibu la maandishi kabla ya kutuma hata senti. Wengi watabaki kununua lililopo nchini.

Hukumu yetu: kwa bodi nzima, B18 ya kabureta mbili, gia nne, nunua. Kwa bodi iliyooza, hata ukipewa bure, shukuru na uondoke. Gari la kabureta moja si dhambi. Ni rahisi kutunza, na kwa mtu anayeanza huenda likamfaa zaidi. La volti 6 mwachie mkusanyaji.

Ukilinunua, fanya kazi moja wiki ya kwanza. Wazee waliolijua gari hili kwa sikio wanatutoka mmoja mmoja, na kila mmoja huondoka na vipimo ambavyo hakuviandika popote. Kata kipande cha bati au karatasi ngumu ya plastiki, andika kwa rangi isiyofutika, kibandike ndani ya boneti upande wa dereva: herufi ya injini na kipimo chake cha tapeti, pointi 0.45, plagi 0.7, moto 1-3-4-2, oili 3.75, SU pande ngapi kutoka juu, na zilityuniwa mji gani, kingpini zilipata grisi kilomita ngapi, gia ya kamshafti ni ya nyuzi au ya chuma, na iliwekwa mwaka gani.